Pikipiki China: kuachwa upite si kuruhusiwa

Bodaboda inayosubiri abiria kijiweni Mwanza, Kisumu au Bukavu, kama si Boxer au TVS ya India, kuna uwezekano mkubwa imetoka China. Chongqing, jiji la vilima kusini-magharibi mwa nchi hiyo, ndiko zilikozaliwa kampuni za Lifan, Zongshen na Loncin. Haojue iko Jiangmen, mkoani Guangdong, mwendo mfupi tu kutoka Guangzhou. Na Guangzhou ndilo jiji ambalo mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh analijua vichochoro vyake kuliko jiji lolote lingine la China. Humo humo, katika mkoa unaotuuzia pikipiki kwa makontena, pikipiki zimepigwa marufuku kupita mjini tangu tarehe 1 Januari 2007. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hukutana na jambo jingine linalomchanganya zaidi. Pamoja na marufuku hiyo, mitaa imejaa vyombo vya magurudumu mawili vya umeme, vinapita kimya kama paka, wengine wamepakia watoto, wengine mizigo, na askari wa barabarani amesimama pale pale akiangalia. Mgeni hujijibu mwenyewe kwamba mambo ni mepesi. Ananunua chake wiki ya pili.

Naandika kwa ajili ya huyo: mwanafunzi aliyepata ufadhili wa kusoma Wuhan au Nanjing, fundi aliyepelekwa kwenye mafunzo, mfanyabiashara anayekaa Yiwu miezi minane kwa mwaka. Kosa la wengi wao si ukaidi, ni kumuuliza shahidi asiye sahihi. Wanataka kujua kama jambo linaruhusiwa, na wanamtazama askari wa pale njia panda. Asipowasimamisha, wanahesabu kuwa ni halali. Lakini askari wa njia panda hana la kusema juu ya uhalali wa mgeni. Ana magari elfu ya kuyapitisha kabla taa haijabadilika. Uhalali wa kuendesha pikipiki China hupimwa siku moja tu, nayo ni siku ya ajali. Siku hiyo karatasi zote huulizwa kwa pamoja, na huulizwa na watu ambao kazi yao si kupitisha magari.

Tuanze na leseni, maana hapo ndipo uvumi ulipo mwingi. Leseni ya kimataifa ya udereva, kile kijitabu ambacho watu hukikata kabla ya kusafiri, haitambuliki China bara. Hong Kong na Macau zina sheria zao, na huko kijitabu hicho kina kazi; ukivuka mpaka kuingia Shenzhen kinakuwa karatasi. Leseni ya nyumbani pia, peke yake, haikupi haki ya kuendesha. Nchi chache zimewekeana makubaliano na China kuhusu leseni, kama Ubelgiji, Ufaransa na Falme za Kiarabu, ila mwanafunzi wa kutoka kwetu asitegemee mlango huo. Vipo vibali vya muda kwa wanaopita kwa muda mfupi, visivyozidi miezi 3, lakini hivyo vimewekwa zaidi kwa mtalii anayetaka kukodi gari dogo, au kwa anayeingia na chombo chake mwenyewe kutoka nje. Mtu anayeishi China na kutaka kuendesha pikipiki anahitaji leseni ya China. Hakuna njia ya mkato.

Habari njema, ambayo naona haisemwi vya kutosha, ni kwamba njia ndefu si ndefu kama inavyosimuliwa. Mwenye kibali cha ukaazi, aliyejiandikisha polisi anakoishi kama sheria inavyotaka, anaweza kubadilisha leseni ya nyumbani kuwa ya China kwa kupima afya, kupeleka tafsiri ya leseni iliyofanywa na wakala anayekubalika, na kufanya mtihani wa nadharia kwenye kompyuta. Alama ya kufaulu ni 90 kwa 100. Mtihani huo hutolewa kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa katika miji mikubwa. Maswali yake yanajulikana, yako kwenye programu za simu, na mtu mwenye bidii huyamaliza kwa wiki mbili tatu za jioni. Wenye leseni ya gari dogo au pikipiki hawarudishwi uwanjani kuendesha, nadharia inatosha.

Lakini kuna kifungo kimoja, na hapa ndipo vijana wetu wengi hukwama. China inakupa daraja lile tu ulilokuwa nalo nyumbani. Kwao pikipiki ya magurudumu mawili ni daraja E, pikipiki ndogo isiyozidi cc 50 na mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni daraja F, na daraja D, la pikipiki ya magurudumu matatu, linabeba yote mawili. Mtu aliyeondoka Dar es Salaam na leseni yenye daraja la gari pekee hawezi kugeuza chochote kuwa E. Hata kama ameendesha bodaboda tangu darasa la saba, karatasi haisemi hivyo. Atalazimika kuanza mwanzo kama kijana wa Kichina: nadharia, uwanja, barabara, kisha nadharia ya pili ya usalama. Uwanjani utakuta koni zimepangwa, unapita katikati yake kwa mwendo wa nyoka bila kuigusa hata moja na bila kuteremsha mguu. Unapanda mwinuko, unasimama gurudumu likiwa kwenye mstari, unaondoka tena bila kurudi nyuma. Kisha kuna ubao mwembamba ulioinuliwa kutoka chini, unaupanda na kuupita mpaka mwisho magurudumu yote mawili yakiwa juu yake. Mwendesha bodaboda hodari wa Mbeya atacheka akiona mtihani huo, na pengine ataufaulu mara moja. Taabu yake haiko kwenye ubao. Iko kwenye kujiandikisha shule, kulipia, kusubiri zamu na kumwelewa mwalimu anayezungumza Kichina cha mtaani. Yote hayo yangeepukika kwa kufanya mtihani wa daraja la pikipiki nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Baada ya leseni ya mtu inakuja hati ya chombo. Pikipiki mpya halali hununuliwa na risiti rasmi ya kodi, hati ya kiwanda inayothibitisha kuwa imekidhi viwango, na cheti cha bima ya lazima. Kama injini inazidi cc 150 kuna kodi ya ununuzi ya asilimia 10. Ndipo inapewa namba, ya njano kwa pikipiki ya kawaida, ya buluu kwa ile ndogo. Na namba yenyewe haifuti marufuku ya mji. Beijing, mfano, namba zinazoanza na Jing A ndizo zinazoruhusiwa kuingia ndani ya barabara ya nne ya mzunguko. Mwenye Jing B hukomea nje yake. Namba za Jing A zimefungwa kwa miaka mingi, kwa hiyo bei yake sokoni huizidi kwa mbali bei ya pikipiki nyingi zinazozibeba. Anayeuziwa pikipiki kwa bei ya kutupa kutoka kwa mgeni mwenzake anayeondoka, isiyo na namba, au yenye namba ya mkoa mwingine kwa jina la mtu asiyejulikana alipo, hajapata nafuu yoyote. Ameuziwa deni.

Sasa nifike kwenye umeme, maana naamini huko ndiko wageni wengi wanakoingia matatani bila kujua. China ina baiskeli za umeme zaidi ya milioni 300, na sheria inazitenganisha na pikipiki kwa vipimo, si kwa sura. Kiwango cha taifa kilichoanza kutumika tarehe 15 Aprili 2019 kilisema baiskeli ya umeme isizidi mwendo wa kilomita 25 kwa saa, uzito wa kilo 55 pamoja na betri, mota ya wati 400, na iwe na pedali za kukanyaga. Kiwango kipya kilichofuata kimelegeza baadhi ya mambo, zikiwemo pedali na uzito kwa vyombo vya betri za risasi, lakini mwendo umebaki pale pale kwenye 25. Kilicho ndani ya vipimo hivyo ni baiskeli. Hakihitaji leseni ya udereva, kinahitaji kusajiliwa tu, na mwendeshaji awe ametimiza miaka 16. Kinachovuka kipimo kimojawapo ni pikipiki ya umeme kisheria, kubwa au ndogo, na kinadai kila kitu ambacho pikipiki ya mafuta inadai: leseni ya E au F, namba, bima. Tatizo ni kwamba dukani vyombo hivi husimama bega kwa bega. Rangi ni zile zile, kiti ni kile kile, hata kikapu cha mbele ni kimoja. Muuzaji atakwambia hiki kinakimbia 45 na hakihitaji leseni, na atasema hivyo kwa sababu anauza. Mteja atafurahi kwa sababu anaokoa muda. Wote wawili wametoka hapo wakiwa na pikipiki isiyo halali mikononi mwa mtu asiye na leseni, na hakuna hata mmoja aliyeitamka kweli hiyo.

Pingamizi la kwanza na kubwa kuliko yote ni lile nililoanza nalo: mbona kila mtu anaendesha, na polisi hawasemi? Ni swali la haki, kwa kuwa ni kweli. Katika miji mingi mgeni anaweza kuendesha mwaka mzima bila kusimamishwa. Wakati mwingine askari humwona mgeni, akafikiria usumbufu wa lugha, akampungia mkono apite. Hata akisimamishwa, sheria ya usalama barabarani ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2004, inatoza asiye na leseni faini ya yuan 200 hadi 2,000, na inaweza kumweka ndani hadi siku 15. Wapo wanaosikia hivyo wakapiga hesabu kuwa uwezekano wa kukamatwa ni mdogo na faini inalipika. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama faini ndiyo ingekuwa gharama. Siyo.

Tuseme mwanafunzi anarudi bwenini saa mbili usiku juu ya chombo chake cha umeme kinachokimbia 50. Mzee anavuka barabara mbele ya soko la mboga. Wanagongana, mzee anavunjika nyonga. Polisi wanafika na kazi yao ya kwanza ni kupima: wanachukua chombo, wanakipeleka kwa wataalamu, wataalamu wanaandika kwamba hiki si baiskeli, ni pikipiki. Kuanzia mstari huo wa ripoti, kila kitu kinabadilika. Aliyekuwa mwendesha baiskeli aliyepata bahati mbaya sasa ni dereva wa chombo cha moto bila leseni, bila namba, bila bima. Ugawaji wa lawama, ambao polisi huuandika kwenye hati rasmi baada ya kila ajali, unaanza kumwegemea.

Bima ya lazima ya China, iliyoanza tarehe 1 Julai 2006, inamlinda anayegongwa. Tangu 2020 kiwango chake cha juu ni yuan 180,000 kwa kifo au ulemavu, 18,000 kwa matibabu na 2,000 kwa mali. Mtu asiye na bima hiyo hulipa kutoka mfukoni kile ambacho bima ingelipa, kabla hata ya kufika kwenye kinachozidi. Na hata pale chombo kilipo na bima lakini dereva hana leseni, kampuni humlipa aliyeumia kisha humgeukia dereva na kumdai arudishe. Yaani bima ipo, lakini si kwa ajili yake. Mifupa ya nyonga ya mtu mzima, upasuaji, wiki za hospitali, malipo ya mwangalizi: hizo ni fedha ambazo posho ya ufadhili haiwezi kuzifikia kwa miaka.

Kisha inakuja sheria ya jinai. Ibara ya 133 ya sheria ya jinai ya China inaadhibu anayesababisha ajali kubwa kwa kuvunja kanuni za barabarani. Tafsiri iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Watu mwaka 2000 inaeleza mpaka wake: kumjeruhi vibaya mtu mmoja, ukiwa na lawama yote au sehemu kubwa, hakutoshi peke yake kuwa kosa la jinai, kunakuwa jinai pale inapoongezeka hali fulani. Miongoni mwa hali hizo ni kuendesha bila kuwa na sifa ya udereva, na kuendesha chombo unachojua hakina namba. Msomaji arudie sentensi hiyo polepole. Ajali ile ile, mzee yule yule, jeraha lile lile: kwa mwenye leseni na namba ni shauri la fidia, kwa asiye navyo inaweza kuwa kifungo cha hadi miaka 3. Leseni ambayo ilionekana kama kero ya ofisini ndiyo iliyosimama katikati ya mambo hayo mawili.

Bado kuna kutoka nchini. Sheria ya kuingia na kutoka China, iliyoanza tarehe 1 Julai 2013, inampa hakimu uwezo wa kumzuia mgeni asiondoke kama ana kesi ya madai ambayo haijaisha. Fidia ya mzee wetu ni kesi ya madai. Masomo yanaweza kwisha, viza ikaisha, tiketi ikapita, na mtu bado yupo, hana ruhusa ya kazi na hawezi kwenda nyumbani. Na kwa makosa mazito sheria hiyo hiyo inaruhusu kufukuzwa nchini, ambapo mtu haruhusiwi kurudi kwa miaka 10. Kwa mfanyabiashara ambaye maisha yake yote ni mstari kati ya Guangzhou na Dar es Salaam, miaka 10 ni biashara kufungwa. Ndiyo maana nasema askari anayekupungia mkono upite hajakupa kitu. Amekuachia tu hatari yako mwenyewe uibebe mpaka siku itakapotua.

Wapo watakaosema gharama na usumbufu ni mwingi mno kwa mtu wa kipato cha chini. Nawaelewa, na sitapuuza: tafsiri, picha, afya, safari za kwenda ofisini na kurudi kwa kukosa muhuri mmoja, yote yanachosha, na kila mji una utaratibu wake mdogo usioandikwa popote. Lakini tuitazame bima yenyewe, ambayo watu huifikiria kama mzigo. Kiwango cha msingi cha bima ya lazima kwa pikipiki ya cc 50 au chini ni yuan 80 kwa mwaka. Ya juu ya cc 50 hadi 250 ni yuan 120. Zaidi ya hapo ni 400. Yuan 120 ni milo michache ya kantini ya chuo. Kwa milo hiyo mtu ananunua ulinzi wa yuan 180,000. Sijui biashara nyingine ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo, na ukali wake wote wa kujadili bei, angeiacha ipite kwa masharti kama hayo. Shida ni kwamba bima haiuzwi kwa chombo kisicho na hati, na hati hazipatikani kwa chombo kilichonunuliwa kienyeji. Kwa hiyo nafuu ya siku ya kununua ndiyo inayofunga mlango wa nafuu kubwa.

Lipo kundi jingine linalojitetea kwa uzoefu. Mimi nimeendesha miaka kumi kwenye foleni ya Nairobi, atasema mmoja, mtihani wa kompyuta utanifundisha nini? Utamfundisha upande, kwanza. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. China wanapita kulia. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo ameshazoea, lakini wa kwetu mwili wake umejengwa kwa kushoto, na mwili hauulizi akili pale gari linapotokea ghafla. Huko taa nyekundu mara nyingi haimzuii anayekata kulia, kwa hiyo anayevuka akidhani njia imefungwa hukuta gari ubavuni. Zipo njia za pembeni za vyombo visivyo vya moto, zilizotengwa kwa mstari au ukuta mdogo, na pikipiki haitakiwi kuwamo. Zipo kamera juu ya kila njia panda, na alama 12 kwa mwaka zinazopungua kwa kila kosa. Uzoefu wa bodaboda ni mali, siubezi hata kidogo. Kushika usukani, kusoma barabara, kuhisi gari linalotaka kuchomoka, hayo hayafundishwi kwa kompyuta. Lakini ni uzoefu wa barabara nyingine, na mtu mzoefu ndiye anayechelewa kujua kwamba amebadilisha barabara.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanaosema marufuku zenyewe hazina haki. Guangzhou ilizuia pikipiki wakati ikisumbuliwa na wezi waliopora mikoba wakiwa juu ya pikipiki, na ajali zikiwa nyingi. Lakini marufuku iliwaangukia pia mafundi, wachuuzi na wazazi ambao hawakuwa wameiba chochote. Ni Wachina wenyewe waliolibishania jambo hili kwa miaka, na ubishi huo umezaa matunda mahali pengine: Xi'an ilianza kulegeza kizuizi chake cha pikipiki mwishoni mwa 2017. Mimi nadhani wanaopinga marufuku za jumla wana hoja nzuri. Mji unaweza kumbana mwizi bila kumnyang'anya fundi chombo chake. Ila kuwa na hoja nzuri dhidi ya sheria si sawa na kuwa na kinga dhidi yake, na mgeni mwenye viza ya mwaka mmoja ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuijaribu sheria hiyo kwa mwili wake. Mchina wa Guangzhou akikamatwa anarudi nyumbani kwake jioni. Mgeni nyumbani kwake ni mbali.

Neno fupi kuhusu kazi ya kupeleka chakula na vifurushi, kwa kuwa inawavutia wanafunzi. Hata ukiwa na leseni, chombo na bima, viza ya masomo haikupi ruhusa ya kuajiriwa bila kibali. Anayekutwa akifanya kazi kinyume cha sheria hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Bodaboda ya kubeba abiria nayo, ile ambayo kwetu ni kazi inayosomesha watoto, huko bila leseni ya biashara ni kosa hata kwa mwenyeji.

Haya yote yangekuwa ya mtu binafsi kama kila mtu angekuwa na namna ya kuyajua. Hana. Maelezo yako kwa Kichina, kidogo kwa Kiingereza, na yanayosambaa kwa Kiswahili ni yale ya kaka mmoja aliyemwambia mwingine kwenye kundi la simu kwamba hapa hawakamati. Nadhani jumuiya za wanafunzi wetu kule, ambazo tayari huwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwaonyesha benki na soko, zina nafasi ya kulifanya jambo hili kwa gharama ya karatasi moja: leseni gani, namba gani, bima gani, mji huu unaruhusu nini. Vyuo vinavyopokea ada na posho zao viwape karatasi hiyo siku ya kwanza, kabla duka la vyombo vya umeme halijawapa ya kwake. Na huku nyumbani, wanaowaaga vijana wanaokwenda kusoma wawakumbushe kukamilisha daraja la pikipiki kwenye leseni, jambo ambalo kwa anayeendesha tayari ni siku chache za mtihani.

Kwa aliyekwisha fika na amesimama dukani sasa hivi, hela mkononi, kuna kipimo kisichohitaji kujua Kichina. Amwombe muuzaji hati ya kiwanda, karatasi inayoambatana na kila chombo kipya, atafute mstari unaotaja aina ya chombo, kisha aisomeshe simu yake herufi za mwisho. Jina la pikipiki ya umeme kwa Kichina, ndogo na kubwa, huishia kwa herufi tatu zinazosomeka motuoche, neno ambalo hata sikio la Kiswahili hulitambua. Kama muuzaji hana hati hiyo, au anasema italetwa kesho, hela irudi mfukoni. Kama ipo na mwisho wake ni motuoche, chombo hicho kisitoke mlangoni mpaka leseni ya E au F iwe imepatikana.